Mapigo Mia na Ishirini na Nane

Wanafunzi walimwita Kwa-Nini. Si mbele yake, bila shaka. Alifundisha patofiziolojia, somo linaloeleza jinsi ugonjwa unavyofanya kazi yake ndani ya mwili, na hakupokea jibu lisilo na sababu. Ukimwambia mgonjwa amevimba miguu, anakuuliza kwa nini. Ukimwambia moyo umechoka kusukuma damu, anataka kujua maji yametokaje kwenye mishipa hadi yakaingia miguuni. Wanafunzi walitaniana kwamba ukimwamkia asubuhi ujiandae, maana huenda akakuuliza sababu ya salamu.

Nilikaa naye ofisi moja miaka kumi na mmoja. Mimi nafundisha ukunga. Meza zetu zilitazamana, na katikati ya ukuta kulikuwa na sinki dogo la kunawia mikono. Mengine ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe, na yaliyobaki niliyapata kwa binti mmoja, mwanafunzi wake.

Alikuwa na mambo yake, na kwa muda mrefu niliyachukulia kuwa ni tabia tu. Akikupa mkono hakuuachia haraka. Vidole vyake vilisogea taratibu hadi kwenye kifundo, vikatulia hapo. Wageni walidhani ni upole. Mimi nilijua anahesabu mapigo, na anapima kama mkono una joto. Jambo la pili, hakupita kamwe mbele ya wodi ya upasuaji. Kutoka ofisini kwetu hadi darasani njia fupi ilikuwa hiyo, lakini yeye alizunguka nyuma ya jengo la kufulia mashuka, jua au mvua. La tatu ni sinki. Mtu akifungua bomba na kuliacha lichuruzike, Kwa-Nini aliinuka alipokuwa, akalifunga kwa nguvu, kisha akasimama pale kidogo huku ameinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa na hajui aitike au asiitike.

Nilimuuliza mara moja. "Dada, una nini na maji?"

"Kelele tu," alinijibu. Nikaacha.

Kila mwaka, wiki ya tano ya muhula, alifundisha somo aliloliita fidia. Siku hiyo hakuja na kitabu. Alichora jedwali ubaoni, bila kutazama popote, na kujaza namba za mgonjwa aliyemwita mgonjwa wa kitanda cha saba. Saa nne asubuhi, presha mia ishirini kwa sabini na sita, mapigo tisini na mbili. Saa tano, mia kumi na nane kwa themanini na mbili, mapigo mia na manne. Saa sita, mia kumi na sita kwa themanini na nane, mapigo mia na kumi na nane. Saa saba, mia kumi na mbili kwa tisini, mapigo mia na ishirini na nane. Kisha aliweka chaki chini na kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Mwaka ule darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na wawili. Mmoja wao aliwazidi wengine umri, binti wa miaka ishirini na saba aliyekuwa akiuza dawa dukani kabla ya kuja chuoni. Wenzake walimwita Shangazi, naye alikubali jina hilo kwa sababu kweli aliwachunga kama shangazi. Alikaa mstari wa mbele, kimya, akiandika kila kitu.

"Presha ni nzuri," darasa lilijibu. "Mapigo yamepanda kidogo. Labda ana woga, au maumivu."

"Nani anakubali?"

Mikono mingi iliinuka.

"Basi mmemuua," alisema Kwa-Nini, kama alivyosema kila mwaka. Akaanza kueleza. Huyu mgonjwa anavuja damu tumboni, polepole, na hakuna anayeiona. Mwili umeshagundua. Moyo unakwenda mbio ili damu kidogo iliyobaki ifike mahali pa muhimu. Mishipa ya mikononi, ya miguuni na ya ngozi inajibana, kwa hiyo vidole vinakuwa baridi. Figo zinanyimwa damu, mkojo unapungua. Kiu inakuja, kwa sababu mwili unatafuta maji ya kujaza pengo. Hiyo ndiyo fidia. Presha inabaki juu kwa sababu kila kitu kingine kinatolewa kuilinda. Tazameni ile namba ya chini inavyopanda wakati ya juu inashuka. Zinakaribiana. Mkiona zinakaribiana, na mapigo yanapanda, msiseme mgonjwa anaendelea vizuri. Semeni mgonjwa anapigana. Siku akishindwa, presha haitashuka taratibu. Itaanguka yote kwa pamoja, na hapo hamtakuwa na muda.

Shangazi aliinua mkono.

"Mwalimu, huyo mgonjwa, bega la kushoto lilikuwa linamuuma?"

Kwa-Nini hakuwa amelitaja bega. Huwa analiacha hadi wiki inayofuata, anapofundisha maumivu yanayosikika mbali na mahali yalipoanzia.

"Umesoma mbele?" aliuliza.

"Hapana."

"Ndiyo. Lilimuuma. Damu iliyokusanyika chini ya mbavu za kushoto inasumbua msuli wa kupumulia, na mshipa wa fahamu unapeleka maumivu begani."

"Na alipewa maji?"

"Hakutakiwa kunywa chochote. Alikuwa anasubiri daktari aamue kama atapasuliwa."

"Sikuulizi alitakiwa nini, Mwalimu. Nauliza kama alipewa."

Wanafunzi waliniambia baadaye kwamba Kwa-Nini alichukua kifutio akafuta ubao, namba moja moja, akaanzia chini. Akawaambia waende. Kilikuwa kipindi cha saa mbili, na hata saa moja haikuwa imetimia.

Nilimkuta ofisini ameketi, mikono juu ya meza, viganja vikitazama dari. Nje ilikuwa mchana mweupe, wanafunzi wanacheka uani. Nikafunga mlango bila kuambiwa. Ndipo akanisimulia.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, zamu ya asubuhi katika wodi ya upasuaji. Kitanda cha saba alilazwa fundi cherehani, mama wa miaka thelathini na kitu, mcheshi. Alikuwa ameanguka ngazini akishusha cherehani yake, na chuma cha cherehani kilimpiga mbavu za kushoto. Ngozi haikupasuka. Picha ilionyesha mbavu mbili zenye ufa, basi. Daktari aliandika apimwe kila saa na kuwekwa chini ya uangalizi, kisha akaingia chumba cha upasuaji kwa mgonjwa mwingine.

"Alinitania," Kwa-Nini alisema. "Aliniambia, binti, pindo la gauni lako limekwenda upande, nani kakushonea, adui yako? Nikitoka hapa nitakurekebishia. Nikacheka. Nikampima. Nikaandika."

Saa sita aliona mapigo yamefika mia na kumi na nane. Akaenda kwa sista wa zamu, mwanamke mkali aliyekuwa na wagonjwa arobaini na wauguzi wawili. Sista hakuinua kichwa. "Presha?" Akamtajia. "Hiyo ni presha ya mtu mzima. Ameanguka, ana maumivu, ana woga, unataka mapigo yake yawe ya mtu aliyelala? Andika, uendelee na wengine."

Akaandika. Saa saba akampima tena. Vidole vya yule mama vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye maji. Alikuwa anageuka geuka kitandani, mara alale ubavu huu, mara ule. Utani ulikuwa umeisha. "Binti," alimwambia, "mbona nasikia kiu hivi? Na nasikia kama kuna mtu anakuja nyuma yangu."

"Nilihesabu mapigo dakika nzima," Kwa-Nini alisema. "Mia na ishirini na nane. Nikamtazama sista. Alikuwa anagombana na mtu wa stoo. Nikaona aibu kwenda tena. Unaelewa? Aibu. Sikutaka aniite mjinga mara ya pili mbele ya watu. Nikaiandika ile namba kwa mwandiko mzuri kabisa. Chati yangu ilikuwa safi kuliko zote wodini."

Saa nane presha ilikuwa sabini, na namba ya chini haikusikika. Saa nane na dakika ishirini walimfunika.

"Nikamwambia sista, nilikuambia. Yeye akaniambia, uliniambia mara moja. Na ni kweli, nilimwambia mara moja."

Nilijaribu kumwambia maneno ambayo mtu husema: ulikuwa mtoto, ulikuwa mwanafunzi, daktari alikuwepo. Alinisikiliza kwa adabu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshayajaribu yote, na hayakumshika.

Kesho yake asubuhi Shangazi alibisha hodi. Nikakusanya daftari zangu nitoke, Kwa-Nini akasema, "Kaa." Nadhani alihitaji shahidi.

Binti alibaki amesimama. "Mama yangu alikuwa fundi cherehani," alisema. "Alianguka ngazini, akalazwa kitanda cha saba. Nilikuwa na miaka minane."

"Najua," Kwa-Nini alijibu. "Nimejua tangu jana ulipouliza habari ya bega. Mimi ndiye niliyempima. Namba zote zile ni mwandiko wangu. Saa saba niliona hali yake inabadilika, nikanyamaza."

Alisema hivyo hivyo, bila kujipaka rangi. Nilitegemea binti apige kelele. Hakupiga. Alikuwa kama hajasikia, kwa sababu alikuwa amekuja na neno lake mwenyewe.

"Mimi nilimpa maji," alisema.

Akatueleza. Muda wa kuona wagonjwa, saa sita na nusu, alikwenda na mama yake mdogo. Mama alimwomba amsugue bega. Kisha mama mdogo akatoka kumtafuta muuguzi, na mama akamwambia kwa sauti ya chini, mwanangu, niletee maji, koo limekauka. Kulikuwa na bomba kwenye kona ya wodi na kikombe cha plastiki. Akajaza, akamnywesha nusu. Mama mdogo aliporudi na kuona kikombe alipiga ukelele: "Umempa maji? Umempa maji mgonjwa?" Akamshika mkono akamtoa nje. Hata saa mbili hazikupita wakaletewa habari.

"Mama mdogo hakurudia tena yale maneno. Hata siku moja. Lakini hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniambia mama alikufa na nini. Walikuwa wakizungumza, nikiingia wananyamaza. Nikajua wanamficha muuaji aliyemo ndani ya nyumba. Nimekuja kusoma uuguzi ili nijue maji yanamuuaje mtu. Nimetafuta kwenye vitabu vyote. Sijaona."

Kwa-Nini aliinuka, akazunguka meza. Alitaka kumshika mkono, nikaona akajizuia.

"Hujaona kwa sababu haimo," alisema. "Nisikilize vizuri, na unikatize popote usipoelewa. Nusu kikombe cha maji hakimuui mtu mzima. Wagonjwa wanazuiwa kunywa kwa sababu wakilazwa usingizi wa upasuaji wanaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Mama yako hakulazwa usingizi. Hakufika huko. Wengu wake ulikuwa umepasuka, kiungo laini kilichojaa damu, chini ya mbavu zile zilizopigwa. Ulipoingia wodini alikuwa ameshapoteza zaidi ya lita moja. Kiu aliyokuwa nayo ilikuwa dalili. Maji yako hayakuongeza wala kupunguza chochote. Yalilowanisha koo lake, basi. Mkono wako ulikuwa kitu cha mwisho kilichomfanyia wema mle ndani."

"Una hakika?"

"Niulize kwa nini."

Akamuuliza. Akamuuliza tena na tena, robo saa nzima, kila mlango alioufikiria tangu akiwa na miaka minane. Je, kama maji yalikuwa machafu? Je, kama aliyameza vibaya? Je, kama alimwinua kichwa haraka? Kwa-Nini alijibu kila moja, polepole, kwa kutoa sababu, si kwa huruma. Mwishowe binti akaishiwa maswali. Akakaa kwenye kiti changu, akafunika uso kwa mikono, akalia kama mtoto, kwa mabega yote.

Alipomaliza alijifuta, akanyanyuka, na hapo ndipo maneno ya mwanzo yalipomfikia. Nililiona jambo hilo likimwingia usoni.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka kumi na tisa."

Akatoka na kuacha mlango wazi. Siku nne hakuonekana darasani, na siku hizo nne Kwa-Nini alifundisha akitazama kiti chake kitupu. Siku ya tano alirudi, akakaa mahali pake, akaandika. Kipindi kilipokwisha alimfuata mezani. Hakumwamkia.

"Jumamosi uje nyumbani. Baba anapaswa kusikia kwa mdomo wako."

Kwa-Nini aliniomba nimsindikize. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi za saruji, nyembamba, kingo zake zimelika. Nilimwona akizihesabu kwa midomo. Baba alikuwa fundi seremala, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitukaribisha sebuleni kwa heshima zote. Dirishani kulikuwa na cherehani iliyofunikwa kitambaa, na hakuna aliyeketi upande ule wa chumba.

Mzee alikuwa na karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne. "Hapa wameandika moyo ulisimama," alisema.

"Kila anayekufa moyo wake husimama, mzee wangu. Hiyo si sababu. Ni namna ya kusema amekufa."

"Sababu ni ipi?"

Akamweleza, kwa maneno ya nyumbani. Jinsi damu ilivyovujia ndani. Jinsi mwili ulivyonyima ngozi na mikono ili kichwa na moyo vipate. Ndiyo maana alizungumza na kutania hadi mchana, na kila aliyemwona alisema hajambo.

"Kwa hiyo alikuwa anapigana," mzee alisema.

"Saa nne nzima."

"Peke yake."

Kwa-Nini alikubali. "Peke yake," alisema. "Mtu aliyekuwa anampima ni mimi."

"Angepasuliwa mapema, angepona?"

Nilitamani adanganye. Nakiri hilo. "Kama wangemfungua saa sita, au saa saba," alisema, "kuna uwezekano mkubwa angepona."

Mzee aliikunja ile karatasi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. "Nilimwambia ile cherehani nitaishusha mimi jioni," alisema, na hakuwa anazungumza na sisi. "Alikuwa na haraka na gauni la mteja. Nikamwambia subiri jioni, nina kazi. Nilikuwa sina kazi. Nilikuwa nimekaa tu na wenzangu pale chini."

Binti aligeuka akamtazama baba yake. Ilikuwa wazi hajawahi kulisikia hilo. Miaka yote ile kila anapoingia chumbani watu wananyamaza, na huyu mzee alikuwa ananyamazia la kwake.

"Baba," alisema.

Mzee akanyanyuka, akapita katikati yetu, akashuka. Baada ya muda tulisikia randa ikianza kuparuza ubao huko chini uani. Tulisubiri. Chai ilipoa. Binti akasema, "Hatapanda tena leo. Twendeni niwasindikize." Barabarani alitembea upande wangu, si upande wa Kwa-Nini. Tulipofika njia panda alisimama.

"Sijui kama nitakusamehe, Mwalimu. Sitaki unisubiri."

"Sitakusubiri," Kwa-Nini alisema. "Njoo darasani tu."

Alikuja darasani, hadi mwisho. Alifaulu vizuri kuliko wote, na siku za mazoezi wodini alijulikana kwa kero moja: akiona jambo halijakaa sawa, anamwambia sista, na sista asipoinua kichwa anamwambia tena, na tena, hadi anafukuzwa, kisha anakwenda kwa daktari. Kwa Kwa-Nini alikuwa na adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu, wala si zaidi ya hapo.

Lakini mzee alianza kuja. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi mmoja baada ya ile Jumamosi. Alisimama mlangoni kwetu na shati lililopigwa pasi, akasema ana swali moja. Alitaka kujua kama mkewe aliumia sana mwishoni. Kwa-Nini akamwambia mwishoni hapana, kwa sababu damu haikufika vizuri kichwani na fahamu zilikuwa zinafifia. Kabla ya hapo, ndiyo, aliumia. Mzee akaitika kwa kichwa, akashukuru, akaondoka. Mara ya pili aliuliza kama mtu katika hali ile anatambua kwamba anakufa. Kwa-Nini alifikiri sana. Akamwambia wengi wanahisi kuna jambo baya linakuja, na kwamba mwili wenyewe ndio unaotoa onyo hilo. Hakumwambia mkewe alisema nini. Nilimtazama, naye akajua nimemtazama.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya mitihani. Nilitoka kusimamia, niliporudi nikamkuta ameketi kwenye kiti changu, kofia magotini. Hakuwa na swali. Kwa-Nini alikuwa mezani kwake, kalamu mkononi, hasahihishi chochote. Walikuwa wamekaa hivyo, nadhani, kwa muda mrefu. Hakuna aliyenitazama. Nikachukua karatasi zangu kutoka rafuni, nikaenda kusahihishia maktaba.